Sisi Waviking wa Rissne

Katika Stockholm nzima hakuna mtu anayekataa wachumba vizuri kama mimi. Sijisifu, ulizeni Tensta, ulizeni Akalla. Familia ya binti ikitembelewa na wakwe, wawe Warundi, Wakongo, hata Wakenya siku hizi, ninaitwa mimi. Navaa koti langu la kijivu, nakaa kiti cha mbele, na kutangaza kwamba binti huyo hatumtoi. Hiyo ndiyo kazi ya msemaji wa upande wa bibi harusi. Wageni wanaomba kwa maneno matamu, naye anakataa kwa maneno matamu zaidi. Anawauliza wametoka wapi, kama wamepotea njia, kama wana uhakika ng'ombe wanayemtafuta yuko kwenye zizi hili. Wanaomba tena, anakataa tena, na mara ya tatu anakubali kama mtu aliyenyang'anywa. Kila mtu ukumbini anajua kwamba mwisho wake ni ndiyo. Utamu uko kwenye kuchelewesha.

Siku za kazi mimi, Anicet, ni mtunza majengo hapa Rissne, pembezoni mwa Stockholm. Nasukuma theluji, nabadilisha balbu za kwenye ngazi, na juu ya yote nasimamia chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo. Watu hufua kwa zamu. Ukipitiliza zamu yako kidogo tu, unakuta karatasi ya hasira imebandikwa mlangoni, haina jina. Majirani ambao hawajawahi kuniambia habari za asubuhi humwaga mioyo yao yote kwenye karatasi hizo. Mimi nazibandua, namwita huyu na yule, nasuluhisha. Mke wangu Elvire anasema nimepata kazi inayonifaa, ya kuongea na watu wasiotaka kuongea.

Sasa nije kwa Boniface, maana bila Boniface nisingejua kwamba mimi ni Mzungu.

Boniface na mimi tulivuka mpaka pamoja mwaka wa sabini na mbili, watoto wa vilima viwili vinavyotazamana kusini mwa Burundi, tumeng'ang'ania nguo za mama zetu. Tulikulia Tanzania, kambini, ambako Kirundi kilikuwa cha ndani ya nyumba na Kiswahili cha kila mahali pengine. Ndiyo maana mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Mimi Uswidi ilinichukua mwaka wa tisini na nane. Yeye alisubiri hadi 2007, Marekani ilipokuja kubeba kwa ndege wakimbizi wa Kirundi wa sabini na mbili, akapelekwa Kentucky pamoja na Gilles, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Kambini Boniface na mimi tuligawana hata kipande cha sabuni. Alipopata Marekani nami nina Ulaya, hatukuweza tena kugawana hata maoni.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye Skype. Aliyeanza ni yeye. Alifungua mlango wa jokofu lake mbele ya kamera, akasimama kando ili nilione lote.

"Anicet, mtu mzima analala humu."

"Sisi huku Ulaya hatulali kwenye jokofu," nikamwambia. "Tuna vitanda."

Vita vikaanza. Akasema sisi watu wa Ulaya tumezeeka, magari yetu ya kuchezea watoto, kodi tunalipa mpaka ya kupumua. Nikamjibu kwamba kodi hiyo hiyo ndiyo iliyompasua Elvire tumbo na kumshona bila mtu kutuuliza kadi ya benki, ilhali yeye jino likimuuma anafunga na kuomba. Akasema kwao mtu ni huru. Nikasema ndiyo, huru kununua bunduki anapokwenda kununua mkate. Akasema sisi tumemchagua rais mweusi, nyinyi lini? Hapo nikazima kompyuta. Jumapili iliyofuata nikarudi na likizo: wiki tano kila mwaka, na mshahara unaingia.

"Sasa hizo wiki unazifanyia nini?" akauliza.

Ukweli ni kwamba nazimalizia kwenye roshani nikitazama maegesho ya magari. "Napumzika," nikamwambia, "kama mtu mstaarabu."

Siku moja akanifikisha pabaya. "Bila sisi, Anicet, leo mngekuwa mnaongea Kijerumani. Sisi ndio tuliowakomboa mwaka wa arobaini na tano."

"Uswidi haikukombolewa. Sisi hatukupigana."

"Mlijificha."

"Tulikuwa na busara! Tena usinifundishe historia. Sisi Waviking, mabaharia wa kale wa huku, tulifika Marekani zamani sana, kabla ya huyo Columbus wenu hajazaliwa."

Elvire alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Akaja mlangoni na kisu mkononi kumtazama vizuri Mviking aliyemwoa.

"Mkataa kwao mtumwa," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Sasa Skype ya miaka ile mnaijua. Picha inakwama, sauti inakatika, mtu anabaki mdomo wazi katikati ya hoja. Kila ikikwama, mimi namwita Emmanuella, binti yetu wa pekee, tunayemwita Ella, naye Boniface huko kwake anamwita Gilles. "Unanisikia?" "Nakusikia. Wewe je?" Sisi wazee tunatafuta hoja, wao wanatafuta sauti. Walipoipata hawakuiacha. Gilles akaja Stockholm mara ya kwanza kuona makumbusho, akaja mara ya pili kuona makumbusho yaliyobaki, na mimi, bingwa wa mambo ya wachumba, niliamini kabisa kwamba kijana anapenda makumbusho.

Boniface alipopiga simu rasmi kusema wanakuja kumwombea Gilles uchumba, nilimwambia karibuni, nikakata simu, nikashuka chumba cha kufulia. Nikakaa mbele ya mashine iliyokuwa ikizungusha mashuka ya mtu, nikalia. Kwa desturi yetu binti humfuata mume, na mume yuko Kentucky. Ella wangu angeondoka. Ningekuwa namwona kwenye Skype, na picha ikikwama nisingekuwa na mtu wa kunirekebishia.

Elvire sikumwambia. Nilichomwambia ni kwamba siku hiyo nitasema mwenyewe.

"Baba Ella, wapi umeona?" akashangaa. "Baba wa binti hasemi. Baba anakaa kimya, watu wanamsemea. Wewe ndiye unayewafundisha wenzako hivyo. Mganga hajigangi."

"Basi aseme nani? Obiero?"

Obiero ni rafiki yetu wa Akalla, Mkenya, mtu mwema lakini mwenye njaa. Angekubali kwenye ombi la kwanza ili chakula kifunuliwe. Elvire akacheka, na kicheko chake nikakihesabu kuwa kura ya ndiyo.

Wakaja Jumamosi moja ya mwezi Juni 2012, kwenye ukumbi tuliokodi hapa Rissne. Boniface alikuwa ameapa kuwa raia wa Marekani masika ile ile, na alikuja amevaa tai yenye nyota na mistari ya bendera yao. Waliotoka Kentucky walikuwa wachache, nauli si mchezo, kwa hiyo upande wa bwana harusi ulijazwa na watu wa kuazima kutoka Tensta. Précieuse, mama wa Kikongo tunayeimba naye kwaya, ambaye hajawahi kuvuka hata kwenda Denmark, alikaa upande wa Marekani akinitazama kwa dharau kama vile mimi simjui. Ella alifichwa chumba cha nyuma pamoja na wasichana wenzake, kama inavyotakiwa, hadi maneno yaishe.

Maneno hayaanzi kabla mgeni hajanywa. Sisi ni walokole, kinywaji chetu ni Fanta. Boniface akapokea bilauri, akaichungulia, akaitikisa.

"Barafu iko wapi?"

"Kwetu Ulaya hatuweki barafu," nikasema.

"Nchi nzima ni barafu, na mgeni mnamnyima kipande kimoja?"

Ukumbi ukaangua kicheko, upande wangu pia. Miaka yote hiyo sikuwahi kushindwa mbele ya watu, na leo nimeshindwa kabla sijaanza.

Nikauliza swali la kwanza, lile la desturi: "Wageni, sisi hatuwajui. Mmetoka wapi?"

Jibu lake linajulikana. Mtu hutaja baba yake na kilima chake. Anasema mimi fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, na hapo msemaji anajua aanzie wapi kumtania. Boniface akagusa tai.

"Tumetoka Marekani."

Msemaji mwenye akili angemwokoa. Angesema, Marekani ni mbali, lakini baba zako walichunga wapi? Nilijua hivyo, nami ndiye niliyewafundisha vijana wawili kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Marekani? Ni ile nchi ambayo mtu akiugua anauza nyumba?"

"Ni ile ile. Walau tuna nyumba za kuuza. Nyinyi mnaishi kwenye makabati, na kufua nguo mpaka muombe zamu."

"Zamu ni ustaarabu!"

"Ustaarabu ni mashine yako ndani ya nyumba yako!"

"Ndiyo, yenye deni la maisha!"

Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tulivuta mpaka ngozi ikaanza kupasuka. Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakacheka kidogo. Kutoka chumba cha nyuma nikasikia sauti ya Ella, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kukohoa: "Pappa, sluta!" Yaani niache. Sikuacha. Nilikuwa naona kiwanja cha ndege, naona mgongo wake ukipita ukaguzi, na kila nilichokiona kilitoka mdomoni kama tusi.

"Binti yetu," nikasema, "hatumpeleki kuzaa watoto kwenye nchi ambayo mtoto anaagwa asubuhi kwenda shule na mama hajui kama atarudi na risasi au bila."

Hapo hakucheka mtu. Boniface akaweka bilauri chini taratibu.

"Twendeni," akawaambia watu wake.

Wakasimama, na Tensta nayo ikasimama. Upande wetu wengine wakapiga makofi, maana kuondoka kwa hasira ni sehemu ya mchezo. Wageni hufika mpaka mlangoni, wanabembelezwa, wanarudi. Lakini mimi nilimwona Boniface akichukua koti lake, akilivaa, akifunga vifungo, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye mchezo hakuna anayefunga vifungo. Na kwetu msemaji wa waombaji akivuka kizingiti na hasira ya kweli, maneno yamekufa. Najua wachumba ambao maneno yao hayakufufuka tena.

Hata hivyo nikamfuata mlangoni, si kumbembeleza.

"Nenda! Lakini binti yangu huendi naye huko!"

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nani kakuambia anakwenda?"

"Nini?"

"Umeshashinda, Anicet, sasa unanicheka? Anayehama ni kijana. Anakuja kukaa hapa, kwako. Nimemlea tangu hajui kula mwenyewe. Nimemkorogea uji kambini, nimempandisha ndege, nimemfikisha Marekani, na sasa mnamchukua, mnamleta mahali ambapo hakuna jua na watu hawasalimiani. Halafu unaninyima hata kipande cha barafu."

Nikamgeukia Elvire. "Wewe ulijua?"

"Baba Ella, kila mtu anajua. Obiero anajua."

Obiero akaitikia kwa kichwa. Mdomoni alikuwa na sambusa ambayo haikuwa imeruhusiwa bado.

"Mimi nilidhani umenuna kwa sababu hutaki mkwe wa kukaa karibu," Elvire akasema.

Ella naye alikuwa ameshatoka mafichoni, desturi imekwisha kuvunjika vipande. "Pappa, nilikuambia. Sikukuu ya Pasaka. Ulikuwa unaongea na baba Boniface mambo ya bunduki. Ukanijibu ja, ja, bra, ndiyo, ndiyo, vizuri, ukanipungia mkono nitoke mbele ya kamera."

Kisha nikauliza swali ambalo sikulipanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti kubwa, ukumbi mzima ukalisikia.

"Lakini kwa nini? Nani mwenye akili zake anaacha Marekani aje Rissne?"

Précieuse akaziba mdomo kwa kitenge. Boniface akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa kanisani hasadiki.

Gilles ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa wima siku nzima kama bwana harusi anavyotakiwa, hajasema neno. "Mzee, si wewe uliyenishawishi? Miaka yote nakaa nyuma ya baba mdogo nakusikiliza. Hospitali. Likizo. Mtoto anasoma bure na kula bure. Hata chumba cha kufulia. Mimi niliamini yote."

Aliamini yote. Nilikuwa nimeihubiri Uswidi kila Jumapili, na mwongofu wangu wa kwanza alikuwa amesimama mbele yangu na suti mpya, na mhubiri mwenyewe hakuwa na imani. Moyoni nilikuwa bado mtu wa kambini. Kambini kila mtu alijua kwamba aliyepata Marekani amepata, na aliyepata kwingine amepewa kilichobaki. Sifa zote zile nilizozipaza zilikuwa za kujituliza mwenyewe. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu angeweza kuwekewa nchi zote mbili mezani akachagua hii yangu.

Nikafurahi, Ella haendi popote. Kisha nikamwangalia Boniface na vifungo vyake, na furaha ikaniuma. Hiki alichokibeba yeye nilikijua. Nilikuwa nimekilia mbele ya mashuka ya mtu.

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kiti cha mbele, kiti changu, cha anayeombwa. Akakaa, koti limefungwa mpaka juu. Elvire alikuwa ameshakimbilia friza ya ukumbi. Barafu hakukuta, alikuta pakiti ya njegere zilizoganda, akamimina kiganja kizima ndani ya Fanta, akampelekea kwa magoti. Boniface akaziangalia njegere zikielea. Akanywa.

Mimi nikaenda nikasimama karibu na mlango, mahali wanaposimama waombaji. Sikuwahi kusimama hapo maishani mwangu, na mikono sikujua niiweke wapi.

"Mimi ni Anicet," nikasema, "mwana wa Ntahondi, wa kilima cha Gitaba. Tumekuja kuomba kijana."

Kilima hicho nilikiacha mdogo. Ninachokikumbuka ni mteremko mmoja na mbuzi mweupe, na huyo mbuzi huenda ni wa jirani. Jina la kilima nilikuwa sijalitamka mbele ya watu kwa muda mrefu.

Boniface akainua kichwa. "Gitaba? Ng'ambo ya kijito? Wale wezi wa ndizi?"

"Ndio hao hao."

"Mimi ni Boniface, mwana wa Barampama, wa kilima cha Rubimba," akasema, na sauti yake ikaanza kunyooka. "Sisi wa Rubimba mtoto wetu hatumpi mtu wa Gitaba. Mtamfundisha kuiba ndizi. Hapana."

Akanikataa. Nasema kama mtaalamu: alinikataa vizuri sana. Ukumbi ukashangilia, Tensta ikaketi, mtu akarudisha kifuniko cha sufuria ambacho Obiero alikuwa amekifunua. Nikaomba mara ya pili. Akasema kijana wao bado mdogo, hajui kupika, akija kwetu atatutia aibu. Nikaomba mara ya tatu. Alizungusha bilauri, njegere zikazunguka nazo.

"Huko mnakotaka kumpeleka," akauliza, "jua linatoka?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nina majibu ya kutosha miaka mingine mitano ya Jumapili.

"Juni kama hivi, linatoka mpaka unalichoka," nikasema. "Desemba linachungulia tu. Saa tisa mchana limekwisha."

"Na watu wanasalimiana?"

"Hapana. Hawasalimiani."

Akangoja. Ukumbi nao ukangoja.

"Mimi nitamsalimia," nikasema. "Kila asubuhi."

Boniface akainamisha kichwa, akafungua kifungo cha kwanza cha koti lake.